Mbwa Akikojoa Ukimsalimia, Hajakudharau

Wasee, leo tunaongea mkojo. Najua wengine wenu mnangoja ile stori ya kodi na keja niliyowaahidi. Itakuja. Lakini wiki jana nilipandisha video fupi ya mbwa wangu Chapo akimpokea mathe jioni, na maswali yote yalikuwa ni lile moja: mbona kwa hiyo video hakuna mtu anamwangalia mbwa? Kwani mmekosana naye?

Hatujakosana. Hiyo ndiyo salamu yake, na ilituchukua kama miezi 2 kuijua.

Wacha nianze na shida yenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeiona, ni vile tu hamkujua ni kitu kinachojulikana. Unaingia nyumbani. Mbwa anakuja mbio, mkia unatikisika, halafu akikukaribia anajikunja kama mtu anayepita mlango mfupi. Masikio yamelala nyuma. Anajilamba midomo, anaangalia kando, pengine anajitupa chali kabisa. Wewe unainama umguse kichwa, na hapo hapo, susu. Kwa taili, kwa kapeti, kwa kiatu ulichonunua juzi. Halafu watu wanasema huyu mbwa ni mjinga, ni mchafu, ama ana kiburi, ati anakukojolea ukimtazama machoni.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea mpaka mwisho: huyo mbwa hana kiburi hata kidogo. Anakuomba amani kwa lugha ya kwanza aliyowahi kuijua. Ukimchapa kwa sababu hiyo, umemwambia tu kwamba hajaomba vya kutosha, na kesho ataomba zaidi.

Hiyo ya lugha ya kwanza sijaitoa hewani. Mtoto wa mbwa akizaliwa haoni, hasikii, na hawezi hata kukojoa peke yake. Lazima mama yake amlambe tumbo na kule chini ndiyo mkojo utoke. Kwa wiki kama 3 za kwanza maisha ni hayo: analala chali, anatulia, mama analamba, anatoa, mama anasafisha. Kuna mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliyewachunguza mbwa mwitu wa Ulaya kwenye bustani ya wanyama ya Basel. Mwaka 1967 aliandika makala kuhusu unyenyekevu kwa mbwa mwitu na mbwa wa nyumbani, na moja ya hoja zake ni kwamba ile tabia ya kujilaza chali mbele ya mkubwa inatoka huko huko kwa utoto. Yaani mbwa mzima akijilaza na kutoa matone mbele yako, anarudia kitu alichokuwa akimfanyia mama yake. Anasema: mimi ni mtoto, wewe ni mkubwa, tusigombane.

Mbwa mwenzake akiambiwa hivyo anaelewa. Ananusa, anageuka, anaenda zake, mambo yameisha. Ni sisi tunashindwa kusoma. Sisi tunaona kapeti.

Sasa Chapo. Alikuja kwetu Rongai mwezi wa 2 akiwa na miezi 7. Jirani alikuwa anahamia fleti ya mjini ambako mwenye nyumba hataki mbwa, na mpango wake ulikuwa kumwacha sokoni, ati pale hawezi kukosa mifupa. Ni mbwa koko wa kawaida, rangi ya kahawia na madoa meusi kama chapati iliyosahaulika kwa pani dakika moja zaidi. Jina lilijileta.

Watu huuliza kama alikuwa anapigwa kule kwa jirani. Hapana. Jirani alikuwa mpole kuliko mimi. Hii pia ni kitu watu hawajui: si lazima mbwa awe ameteswa ndiyo awe hivi. Wengine huzaliwa na roho nyepesi tu, kama vile darasani kuna yule mtoto ambaye mwalimu akikohoa tu anashtuka. Ni kawaida zaidi kwa mbwa wachanga na wale hawajazoea watu wengi. Kupigwa kunaongeza, lakini si lazima kuwe ndiko kulianzisha.

Shida yetu ilikuwa mathe. Mathe anauza mitumba Gikomba. Anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, anarudi saa mbili usiku akiwa amepigwa na jam ya barabara ya Magadi, mifuko mkono huu na mkono huu, na sauti yake ni ile ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa soko. Anafungua mlango: "Hamjambo humu ndani!" Chapo anakuja kumsalimia, anamwona amesimama pale juu na mifuko kama mlima, na kapeti inalowa. Kila jioni. Siku ya 5 mathe akaweka mifuko chini akaniambia, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa 4. Akiwa bado hivi, atarudi alikotoka."

Alikotoka hakukuwa tena. Jirani alishahama. Kurudi alikotoka kulimaanisha mbwa wa kike, mchanga, anayelala chali kila anapokaribiwa na mtu, ameachwa pale sokoni kati ya mikokoteni, pikipiki na watoto wenye mawe. Sikuhitaji kuambiwa hiyo stori ingeisha vipi.

Mimi ndiye niko nyumbani mchana kutwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na sasa nahariri video za harusi na za watu wa biashara ndogo nikiwa kwa meza ya jikoni. Kwa hivyo nilikuwa na kitu kimoja ambacho mbwa kama huyu anahitaji kuliko pesa: muda.

Kitu cha kwanza nilimpeleka kwa daktari wa wanyama. Tafadhali msiruke hii. Mbwa anaweza kukojoa ovyo kwa sababu ni mgonjwa: maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, figo. Mbwa wa kike waliofungwa kizazi nao wengine huvuja mkojo wakiwa wamelala, kwa sababu homoni zimepungua. Tofauti kubwa iko kwa wakati. Kama anatoa tu mtu anaposimama mbele yake, anapoinamiwa au anaposikia sauti kali, na mwili umejikunja, hiyo ni tabia. Kama anavuja usingizini, anakunywa maji kupita kiasi, anajikaza bila kutoa kitu, au kuna damu, hiyo ni hospitali na si mambo ya video zangu. Mkojo wa Chapo ulipimwa ukapatikana sawa. Akadungwa na chanjo ya kichaa cha mbwa hapo hapo, na hiyo hurudiwa kila mwaka, msisahau.

Daktari akanieleza pia kwamba kuna wale wanaotoa kwa furaha tu. Hao mkia uko juu, wanaruka, wamesimama wima, na mkojo unamwagika kama soda iliyotikiswa. Chapo hakuwa wa hivyo. Yeye alikuwa chini, mkia umeingia katikati ya miguu. Dawa za hao wawili zinafanana, kwa sababu wote wawili wanahitaji salamu baridi, lakini yule mwoga anahitaji pia kujengwa moyo. Akasema watoto wengi wa mbwa huacha wenyewe wakikaribia mwaka mmoja, mradi hakuna mtu anayewaharibia safari.

Hiyo "mradi" ndiyo ilikuwa kazi.

Jumapili nikaita kikao: mathe, brathe wangu mdogo, na mimi. Nikawaambia sheria. Ukiingia, usimwite mbwa, usimwangalie, usimguse. Pita kando yake kama unaenda kutafuta chaja. Kaa chini. Yeye ndiye atakuja. Akija, usimpige pigi kichwani. Teremsha mkono, mwache anuse, halafu mkune kifuani au chini ya kidevu. Ukitaka kuchuchumaa, geuka ubavu, usimkabili uso kwa uso. Na akikojoa, hakuna anayesema kitu. Hakuna "ai!", hakuna "shenzi", na hakuna "pole mami". Anatolewa polepole, panapanguswa, maisha yanaendelea.

Hiyo ya "pole mami" iliwasumbua. Lakini fikirini: unambembeleza ukiwa umefanya nini? Umemwinamia. Umemwangalia machoni. Sauti imepanda. Kwa masikio yako hayo ni mapenzi. Kwa macho yake bado ni lile jitu, na sasa limekuja karibu zaidi.

Mathe alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hivyo mimi nilipe hii nyumba, halafu niingie kama mwizi?"

Tulicheka, lakini lilikuwa swali la maana. Mtu ametoka kazini amechoka, anataka angalau mbwa amfurahie. Nikamwambia si milele. Ni mpaka Chapo ajue kwamba mlango ukifunguka hakuna kitu kikubwa kinatokea.

Tukaanza hivi. Mathe akishuka steji ananipigia simu, inalia mara mbili anakata. Mimi namtoa Chapo nje akojoe kwanza, kwa sababu kibofu kitupu hakina cha kumwaga. Halafu narusha omena kavu kwa nyasi, zile hazina chumvi. Chapo akiwa na pua chini anatafuta omena, mathe anapita nyuma yake kimya, anaingia, anakaa kwa kochi. Tunarudi ndani. Salamu ya kwanza kabisa imekwisha na hakuna aliyesimama juu ya mwingine.

Mbwa anayenusa chini akitafuta chakula hawezi pia kuwa amelala chali anaomba msamaha. Hiyo ndiyo siri ya omena. Mwili wake unafanya kitu kingine, na taratibu kile kitu kingine kinakuwa ndiyo mazoea.

Upande wa usafi, msikie hii: msimwage Jik juu ya mkojo mbichi. Vitu vya klorini vikikutana na mkojo vinatoa hewa inayochoma macho na kifua. Tena harufu ikibaki, mbwa anarudi pale pale kwa sababu pua yake inamwambia hapa ni choo. Duka za wanyama zina dawa zenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo kabisa. Mfuko wetu haukufika huko. Tulikunja kapeti tukaiweka juu ya kabati, na taili tulikuwa tunapangusa kwanza kwa gazeti kuukuu, halafu maji na siki, ile ya kumwagia chipo. Nyumba ilinuka kama kibanda cha chipo kwa wiki 6. Si mbaya.

Mchana, nikingoja video ijihifadhi kwa kompyuta, nilikuwa namfunza Chapo vitu vidogo. Kaa. Toa mkono. Gusa kiganja changu na pua. Si za kuonyesha watu. Mbwa mwoga anaishi kwa dunia ambayo vitu vinamtokea tu. Ukimfunza kwamba akikalisha makalio chini omena inatoka, kwa mara ya kwanza ni yeye anafanya kitu kitokee. Kufikia wiki ya 4 alikuwa anakuja kwa meza yangu, anakaa bila kuambiwa, ananiangalia usoni. Usoni! Mbwa ambaye alikuwa hawezi kuinua macho kupita magoti yangu.

Tulikuwa na kalenda ya duka la mbegu ukutani. Kila akikojoa ndani, brathe anaweka alama ya X. Mwezi wa 2 kalenda ilikuwa inakaa daftari la hesabu iliyosahihishwa na mwalimu mbaya. Mwezi wa 3 zikapungua, 4 kwa wiki, halafu 2. Sisi pia tukawa tunapanda ngazi: mathe anaingia akikaa tu, halafu anaingia na kusimama kidogo akiwa amegeuka ubavu, halafu anasema "sasa" kwa sauti ya chini bila kumwangalia. Kila ngazi siku kadhaa. Akikojoa, tunarudi ngazi moja chini bila kelele. Kufika wiki ya kwanza ya mwezi wa 4, tulikuwa na siku 11 bila X hata moja.

Siku ya 12 anko akaja.

Anko ni kaka mkubwa wa mathe. Alifunza shule ya msingi zaidi ya miaka 30, kule ushago, na hajawahi kuacha kufunza. Alikuwa na kliniki ya macho huku Nairobi kwa hivyo angekaa kwetu wiki moja. Aliingia na gambuti, mwavuli na ile sauti ya gwaride. Chapo alitoka jikoni kuona ni nani. Anko akapiga mguu chini, "Toka!"

Hakutoka. Alilala chali pale pale na ule mkojo ukatiririka mpaka kwa mguu wa meza. Anko akainua mwavuli. Akasema maneno ambayo nimeyasikia tangu niko mtoto: "Mbwa na mtoto, dawa yao ni moja."

Na hapo mathe, yule yule wa "atarudi alikotoka", akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, weka hiyo chini. Kwa hii nyumba mbwa hasalimiwi mlangoni, na hapigwi."

Kimya. Sijawahi kusikia mathe akimjibu anko hivyo. Mimi nilichukua gazeti nikaanza kupangusa, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa kwa meza nahariri, anko akaja akasimama nyuma yangu, mkono kwa kiti. "Na wewe, chuo unarudi lini?" Nikasema, "Tutaona, anko," nikiangalia vibonye. Akauliza tena, juu zaidi. Nikasema tena tutaona. Mabega yangu yalikuwa karibu kufika masikioni. Brathe aliniangalia, akamwangalia Chapo chini ya meza, akaniangalia tena, na akaanza kucheka peke yake. Hakueleza anacheka nini. Nilijua.

Kesho yake anko alikuwa amenuna. Hakuongea na mtu. Alikaa kwa kochi na gazeti limefunguliwa usoni kama ukuta, chai inaletwa, anakunywa, hasemi. Siku nzima. Siku ya pili pia.

Sasa tazameni alichokuwa akifanya bila kujua. Amekaa chini. Hasongi. Hamwiti mbwa. Hamwangalii. Sauti haitoki. Kwa kununa kwake, anko alikuwa anafuata sheria zangu zote kuliko mtu yeyote kwa hiyo nyumba.

Siku ya pili, saa tisa hivi, Chapo alitoka chini ya meza. Alienda hatua 2, akasimama, akanusa hewa. Akazunguka kochi kwa mbali. Akarudi. Akanusa soksi ya anko. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Halafu polepole akaweka kidevu chake juu ya mguu wa anko, akaacha hapo. Hakuna susu.

Gazeti halikushuka. Lakini nyuma yake ikatoka sauti ndogo ambayo sikujua anko anayo: "Huyu anataka nini?"

Nikamwambia, "Hataki kitu, anko. Anakusalimia."

Hakumgusa. Hakutoa mguu pia. Tulikaa hivyo muda mrefu, gazeti, mbwa, na mimi na kompyuta yangu. Halafu akauliza, macho bado kwa gazeti, "Hii kazi ya video, inalipa?"

Na kwa sababu hakuwa amesimama juu yangu, nilijibu. Nilimwambia mwezi mzuri ninaingiza ngapi na mwezi mbaya ngapi. Nikamwambia deni la karo ni ngapi, jambo ambalo hata mathe sikuwa nimemwambia lote. Nikamwambia nataka kurudi lakini si kabla ya kulimaliza. Akasema "mhm". Akageuza ukurasa. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi tumewahi kuwa nayo.

Sitawadanganya ati anko alibadilika akawa mtu wa mbwa. Aliondoka Jumamosi bado anasema mbwa ni wa nje. Lakini kwenda mlangoni alimpitia Chapo kando, ubavu, bila kupiga mguu chini.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwamba tumemfanya mbwa kuwa mtoto, na mbwa asiyeogopa watu hawezi kulinda boma. Ndugu, mbwa anayelala chali mtu akipiga mguu chini atalinda nini? Mwizi pia anajua kupiga mguu. Tena mbwa wengi wanaouma wanauma kwa hofu, siku ile wameomba amani wakaona haikubaliwi na wamebanwa kwa kona. Chapo sasa anabweka kwa geti. Zamani alikuwa hata hathubutu kwenda kwa geti.

Na kuna mwingine atasema sisi tulichapwa na tukatoka sawa. Sheria haikubaliani nawe. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema mtu hafai kupewa adhabu ya viboko. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inafanya kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa. Lakini tuweke sheria kando, tuangalie tu kama inafanya kazi. Chapo akipigwa kwa kukojoa, anachojifunza si "usikojoe". Anajifunza kwamba watu wakiingia kuna kipigo, kwa hivyo wakiingia aombe haraka zaidi. Njia pekee anayojua ya kuomba ni ile ile inayokukasirisha. Mnaweza kuzunguka hivyo mpaka mbwa afe.

Tunapenda sana kuona mtu akijikunja mbele yetu na kusema, huyu ana heshima. Mtoto anayenyamaza baba akiingia. Mfanyakazi anayeangalia chini. Pengine ni heshima kweli. Lakini mimi nimeona vile hofu inakaa kwa karibu, nimeipangusa na gazeti kwa miezi 2, na zinafanana sana ukiwa wewe ndiye umesimama.

Mwezi wa 4 uliisha siku ya Alhamisi. Kalenda ilikuwa na X 3 tu baada ya anko kwenda. Nilimngoja mathe nikiwa nimepanga maneno yangu yote. Simu ikalia mara mbili, nikamtoa Chapo, nikarusha omena, mathe akapita nyuma yake kimya. Akakaa. Akafungua mfuko, akatoa blanketi ya mtumba, nzito, ya bluu, akaitupa pale kwa kona ya jikoni.

"Hiyo haiuziki," akasema.

Ilikuwa inauzika vizuri tu.

Chapo bado ana siku zake. Fundi wa maji alikuja juzi na sauti kubwa na ngazi begani, tukarudi kwa gazeti na siki. Kapeti bado iko juu ya kabati. Hatuna haraka.

Kama uko na mbwa wa hivi kwenu, anza leo jioni, haina gharama. Mtoe akojoe kabla wengine hawajafika. Ukiingia, usimtafute na macho. Weka mfuko chini, vua viatu, kaa mahali ambapo kichwa chako hakiko mbali sana juu ya chake, na ushike simu yako kama kawaida. Utasikia kucha zikigonga taili, zinasimama, zinarudi, zinakuja tena. Usigeuke. Akifika, mpe mkono kwa chini.